Bahasha ya Kwaresima Si ya Mabati

SWALI: Jimbo letu Katoliki la Wote, Makueni, lilimegwa kutoka jimbo la Machakos mwaka 2023, na ujenzi hauishi. Je, parokia inaweza kununua mabati kwa mchango wa Kwaresima, ule unaotolewa kwa bahasha kwa ajili ya wahitaji, kisha irudishe baadaye?

JIBU: Hapana, hata kwa mkopo. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1267, inasema sadaka iliyotolewa kwa kusudi maalumu itumike kwa kusudi hilo tu. Jimbo changa lina mahitaji, tunajua. Ujenzi uitishiwe harambee yake.

Fedha nyingi huchanganyika kigangoni, yaani kwenye kanisa dogo lililo chini ya parokia, wala si lazima pawe na mwizi. Bahasha ya Kwaresima ikitiwa kapu moja na sadaka ya Jumapili, ikafunguliwa bila kuandikwa, hakuna atakayeitenganisha tena. Andikeni namba na jina la jumuiya ndogo ya Kikristo kwenye kila bahasha kabla ya kuigawa. Wahesabu watu wawili, siku hiyohiyo, watie sahihi. Mweka hazina apeleke benki Jumatatu, asingoje Pasaka. Za M-Pesa ziandikwe kando, pamoja na namba ya muamala. Bahasha zisizorudi nazo zihesabiwe: hapo ndipo maswali huanzia.