Maswali na Majibu: Kanisa la Long Melford na Majina Yaliyoandikwa Ukutani

Kanisa la Utatu Mtakatifu la Long Melford, katika jimbo la Suffolk mashariki mwa Uingereza, ni miongoni mwa makanisa ya parokia yaliyo mazuri zaidi nchini humo. Sehemu yake kubwa ilijengwa upya kati ya mwaka 1467 na 1497. Wasomaji wetu wametuuliza mambo mengi kulihusu, na hapa tunajibu yale yaliyojitokeza mara kwa mara.

Kanisa la parokia linatofautianaje na kanisa kuu? Na ilikuwaje kijiji kikapata jengo kubwa kiasi hicho? (Msomaji wa Moshi)

Kanisa kuu ndipo penye kiti cha askofu, na kanisa la monasteri lilikuwa la watawa. Kanisa la parokia lilikuwa la watu wa eneo moja, ambao walibatizwa humo, wakafunga ndoa humo na kuzikwa katika uwanja wake, na ambao walilipa zaka ya mazao yao kwa ajili yake. Kwa desturi ya Uingereza ya wakati huo, matengenezo ya sehemu ya madhabahu yalikuwa wajibu wa paroko au yeyote aliyepokea zaka, ilhali ukumbi wanamosimama waumini uliwahusu waumini wenyewe. Desturi hiyo inaeleza mengi, kwa sababu ina maana kwamba parokia ilipopata fedha, ukumbi ulipanuka, hata kama mwenye ardhi hakutoa chochote.

Ardhi ya Melford ilikuwa mali ya abasia kubwa ya Bury St Edmunds hadi abasia hiyo ilipofutwa mwaka 1539. Hata hivyo, kuta tunazoziona leo zilitokana na sufu. Katika karne ya 15 Waingereza walizidi kufuma sufu yao wenyewe badala ya kuiuza ghafi ng'ambo, na vijiji vya bonde la mto Stour vikawa na wafanyabiashara walionunua sufu, wakaigawa kwa wasokotaji nyuzi majumbani, kisha kwa wafumaji na watia rangi, na mwishowe wakauza vitambaa vilivyokamilika. Faida ilikuwa kubwa, na sehemu yake iliishia kanisani.

Nimesoma kwamba majina ya watu yameandikwa kwenye kuta za nje. Je, huko si kujitukuza katika nyumba ya Mungu? (Msomaji wa Nakuru)

Swali hili ni zuri, na ningependa kulijibu kwa kirefu, kwa kuwa asiyeelewa maandishi hayo hataelewa kwa nini kanisa lilijengwa kabisa.

Maandishi hayo yanazunguka kuta za juu, juu ya madirisha, na hayakuandikwa kwa mpangilio wa bamba la heshima. Karibu kila mstari unaanza kwa kumwomba msomaji asali. Mmoja unaomba sala kwa ajili ya roho za Robert Sparrow na Marion mkewe, na Thomas Cowper na mkewe, kisha unaeleza kwamba kwa mali zao matao saba yalitengenezwa upya, kwa msaada wa watu wema wa mji huo, mwaka 1481. Mwingine unamwombea Roger Moryell, ambaye mali yake ililipia tao moja. Upande wa kikanisa cha Bikira Maria, pamoja na tajiri John Clopton, mfadhili mkuu wa ujenzi huu, anatajwa Richard Loveday, aliyekuwa mtumishi wake wa kusimamia vinywaji. Hebu msomaji atafakari jambo hilo: bwana na mtumishi wameandikwa kwenye ukuta mmoja, na wote wawili wanaombewa kwa maneno yaleyale.

Sababu yake ni imani ya toharani. Watu wa karne ya 15 waliamini kwamba roho nyingi, baada ya kifo, hutakaswa kwa mateso kabla ya kuingia mbinguni, na kwamba sala na misa za walio hai huyafupisha mateso hayo. Kwa hiyo aliyekuwa akiandika wosia alitenga fedha ili asisahauliwe. Tajiri aliweza kumlipa padre wa kusoma misa kwa ajili yake kila siku katika kikanisa chake. Mtu wa wastani alitoa sehemu ya tao, dirisha au vazi la misa. Jina lililochongwa ukutani lilikuwa ombi kwa kila mpita njia aliyejua kusoma. Waliojenga walilifahamu shaka la msomaji wetu, maana andiko moja la Kilatini linamwita Kristo awe shahidi kwamba mambo hayo hayakuonyeshwa ili kupata sifa, bali ili roho ikumbukwe. Mimi nawaamini. Mtu anayetafuta sifa huandika alichokifanya. Hawa waliandika walichokihitaji.

John Clopton mwenyewe alikuwa na sababu ya kuwaza juu ya kifo. Mwaka 1462 alikamatwa pamoja na John de Vere, Earl wa Oxford, kwa tuhuma za kumsaliti Mfalme Edward IV. Earl na mwanawe mkubwa walikatwa vichwa, na Clopton akanusurika. Aliishi hadi mwaka 1497, akitumia mali yake na juhudi zake katika kazi hii. Kaburi lake liko kati ya kikanisa chake na madhabahu kuu, chini ya tao lililochorwa Kristo mfufuka, na wakati wa Pasaka kaburi hilohilo lilitumiwa kama mfano wa kaburi la Bwana.

Picha zinaonyesha kuta ambazo karibu zote ni madirisha. Jengo linasimamaje? (Mwanafunzi wa usanifu majengo, Dar es Salaam)

Mtindo huo, unaoitwa Perpendicular, yaani wa wima, ulianza Uingereza katika karne ya 14 na ukatawala kwa karibu miaka 200. Alama yake ni mistari ya wima: nguzo nyembamba za mawe zinazogawa dirisha hupanda moja kwa moja kutoka chini hadi kwenye tao, na urembo uleule wa wima huendelea juu ya ukuta, hata jicho lisijue dirisha linaishia wapi na ukuta unaanzia wapi.

Ndani ya Long Melford, nguzo na matao hutenga ukumbi wa kati na njia za pembeni. Baadhi ya matao ya upande wa magharibi ni ya kanisa la awali la karne ya 14. Wajenzi waliyabakiza na kuyaendeleza kuelekea mashariki. Juu ya matao ipo safu ndefu ya madirisha inayoleta mwanga katikati ya jengo kutoka juu ya mapaa ya pembeni, na safu hiyo inaendelea bila kukatika kuanzia ukumbini hadi juu ya madhabahu.

Siri ya uimara wake ni paa. Wajenzi hawakuweka dari ya matao ya mawe, ambayo ni nzito na husukuma kuta kwa nje. Waliweka paa la mbao lenye mwinuko mdogo, lililoezekwa kwa mabamba ya madini ya risasi, na risasi hupenda mwinuko mdogo kwa kuwa kwenye mteremko mkali huvutwa chini na uzito wake wenyewe. Msukumo wa kwenda nje ulipopungua, ukuta haukulazimika kuwa mnene kote. Ilitosha kuimarisha sehemu zilizo kati ya dirisha na dirisha kwa nguzo nene za mawe zilizoegemezwa kwa nje, na nafasi iliyobaki ikatolewa kwa vioo.

Kwetu Lamu nyumba za kale zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Wao walitumia nini? (Msomaji wa Lamu)

Walitumia walichokuwa nacho, kama wazee wenu. Suffolk haina jiwe zuri la kuchonga, lakini mashamba yake yamejaa gumegume, jiwe gumu linalopatikana katika tabaka za chaki. Fundi alilipasua hadi likatoa uso mweusi unaong'aa, kisha akalipanga kwa chokaa ndani ya michoro ya jiwe jeupe lililoletwa kutoka mbali, hata jeusi na jeupe vikawa sawasawa kwenye uso mmoja wa ukuta. Herufi za majina tuliyoyataja zilitengenezwa hivyo. Jiwe la kununuliwa lilikuwa ghali kwa sababu ya usafiri, na hivyo uzuri huu ulizaliwa pia na uhaba.

Kwa nini kikanisa cha Bikira Maria kimekaa peke yake mwishoni? (Msomaji wa Kampala)

Kiliongezwa mwaka 1496 upande wa mashariki, nyuma ya madhabahu kuu, chini ya mapaa matatu yaliyopangana. Makanisa makuu yalikuwa na vikanisa vya namna hiyo. Kwa kanisa la parokia ni jambo la nadra. Ndani yake kuna chumba cha katikati kinachozungukwa na njia pande zote, na inaaminiwa kwamba njia hiyo ilifaa maandamano ya ibada. Baada ya ibada hizo kukomeshwa kilitumika kama shule, na jedwali la kuzidisha la wanafunzi bado lipo ukutani.

Matengenezo ya Kanisa, yaani mageuzi ya dini ya karne ya 16, yalileta mabadiliko gani hapo? (Msomaji wa Dodoma)

Hapa tunaye shahidi. Roger Martyn, aliyezaliwa huko kabla ya mabadiliko na kufariki mwaka 1615, aliandika uzeeni jinsi alivyolikumbuka kanisa hilo. Nyuma ya madhabahu kuu, asema, palikuwa na sanamu za mateso ya Kristo zilizochongwa katika mti mmoja mkubwa na kupakwa dhahabu. Kizuizi cha mbao chenye msalaba mkubwa, Maria na Yohana kilivuka upana wote wa kanisa, nacho kilichorwa mitume 12. Paa lilipambwa kwa nyota za dhahabu. Anakumbuka pia Jumapili ya Matawi: maandamano yalizunguka uwanja, mvulana aliyesimama juu ya kimnara cha mlango wa upande wa Clopton akaimba kama nabii kwamba mfalme wako anakuja, watu wakapiga magoti, na karibu na ukumbi wa mlango maua na vikate vyembamba vikatupwa kwa watoto.

Sheria ya mwaka 1547, chini ya Mfalme Edward VI, ilifuta misa za kuwaombea wafu na kutwaa mali zilizotengwa kwa ajili yake; sanamu nazo ziliamriwa kuondolewa. Malkia Mary alirudisha ibada za zamani mwaka 1553, kisha Malkia Elizabeth I akazikomesha tena. Martyn alibaki Mkatoliki, akahifadhi baadhi ya vitu vya kanisa nyumbani kwake, akitumaini kwamba warithi wake wangevitengeneza na kuvirudisha siku moja. Nasoma maelezo yake kwa uchungu, kwa kuwa hayana matusi kwa yeyote. Ni ya mtu anayeorodhesha vilivyokuwa mahali pake. Na tumwelewe vizuri: kilichopotea si mapambo tu. Kuta ziliendelea kuomba sala ambazo sheria ya nchi haikuzitambua tena.

Kitu kimoja kilinusurika chini ya ardhi. Katika karne ya 18 lilipatikana chini ya sakafu ya sehemu ya madhabahu bamba la alabasta la karne ya 14, lenye picha ya Mamajusi wakimsujudia mtoto Yesu. Sasa limewekwa ukutani.

Vioo vya rangi vilivyobaki vinaonyesha nini? (Msomaji anayeishi Uingereza)

Vingi vimekusanywa katika madirisha ya upande wa kaskazini, na vimejaa watu wa dunia hii kuliko watakatifu: jamaa na marafiki wa Clopton, waheshimiwa na mahakimu, wamepiga magoti wakiwa na mavazi yenye nembo za koo zao. Mmoja wao ni Elizabeth Talbot, mke wa Duke wa Norfolk. Ukifika, usikose vipande viwili vidogo. Kimoja ni duara lenye sungura watatu wanaokimbizana, wenye masikio matatu tu kwa jumla, ingawa ukimtazama kila sungura utamwona ana mawili. Wengi huliona kuwa ishara ya Utatu. Kingine kiko katika kikanisa cha Clopton, nacho kinamwonyesha Kristo amesulubiwa juu ya ua la yungiyungi. Katika kikanisa hicho inua macho pia uone utepe wa mbao uliochorwa beti za John Lydgate, mtawa mshairi wa Bury St Edmunds.

Je, mnara nao ni wa zama hizo? (Msomaji wa Mombasa)

Hapana. Mnara wa zamani uliharibiwa na radi mwanzoni mwa karne ya 18, ukajengwa mwingine wa matofali. Mwishoni mwa karne ya 19 msanifu G. F. Bodley alipewa kazi ya kuuvika mnara huo wa matofali vazi la gumegume na jiwe lililochongwa, ili ufanane na kanisa, na kazi hiyo ikakamilika mwaka 1903. Matofali ya zamani bado yamo ndani yake.