Swali la lugha: Akili ya methali na akili ya wanafalsafa

SWALI: Ninafundisha falsafa chuoni. Kila nikiwaeleza wanafunzi kwa Kiswahili kwamba, kwa mujibu wa Descartes, mwanafalsafa Mfaransa, akili ndiyo chanzo cha maarifa, hawakosi kunirudishia methali: akili nyingi huondoa maarifa. Je, akili hizi ni moja? Na falsafa hii inayoifanya akili chanzo cha maarifa (kwa Kiingereza, rationalism) tuiite urazini, uakili au umantiki?

JIBU: Mwalimu, wanafunzi wako wamesikia vizuri, na jibu limo ndani ya sarufi. Methali haisemi akili tu, inasema akili nyingi. Hiyo ni akili inayozidi na kupungua, na mara nyingi maana yake ni ujanja au ujuaji: mtu anajiona mwerevu mno hata kuuliza njia hataki, kisha anapotea. Akili ya namna hii hupenda wingi. Twasema akili zimemruka; akili ni nywele, kila mtu ana zake; akili za kuambiwa, changanya na zako.

Descartes hasemi hayo. Kitabu chake cha mwaka 1637 kinaanza kwa kudai kwamba uwezo wa kupambanua kweli na uongo kwa asili uko sawa kwa watu wote. Hizo si nywele za kila mtu na zake. Kwa hiyo umeandika sawasawa, akili ndiyo. Ungeandika akili ndizo, mwanafunzi angefikiria werevu wa watu mbalimbali.

Wapelekee donge la nta, mfano wake mwenyewe wa mwaka 1641. Limetoka mzingani sasa hivi, bado lina utamu wa asali na harufu ya maua. Ni gumu, ni baridi, ukiligonga linalia. Lisogeze motoni. Utamu umekwisha, harufu imepotea, rangi imegeuka, umbo limeyeyuka, na ukiligonga halilii tena. Ulimi na pua vingeulizwa, vingesema hiki ni kitu kingine. Hata hivyo hakuna anayekana kwamba nta ni ileile. Hiyo "ileile" haikuonwa kwa jicho. Descartes anasema imejulikana kwa akili. Mkazo wa neno hilo moja unatosha kuwaeleza somo zima.

Wengine huleta hapa "ukiona vyaelea, jua vimeundwa". Naipenda, maana aliyeviona vyombo hakumwona fundi, ila amemjua. Lakini methali inaanza na ukiona, kwa hiyo jicho limekwisha kutangulia. Wafuasi wa Descartes wanataka zaidi: kujua, kwa mfano, kwamba pembe tatu za pembetatu ni sawa na pembe mraba mbili, bila kuzunguka dunia ukizipima pembetatu zote.

Kuhusu jina, chukua urazini. Mtu razini ni mwenye akili timamu, mtulivu, asiyekurupuka, na neno linabeba uzito unaoutaka. Ila anayeshika falsafa hii mwite mfuasi wa urazini, kwa sababu razini peke yake ni sifa ya mwenendo, na hata mpinzani wa Descartes anaweza kuwa nayo. Uakili sikushauri, masikioni unabaki kuwa werevu. Umantiki hautufai kabisa. Mantiki ni utaratibu wa kuunganisha hoja, na wanaosema maarifa hutokana na tajriba, yaani yale tunayoyapata kwa kuona, kusikia na kugusa, kama Locke, mwanafalsafa Mwingereza, nao wanautumia kila siku.

Wakataze pia kuandika "sababu ni chanzo cha maarifa", kosa la anayetafsiri neno kwa neno kutoka Kiingereza, ambako "reason" ni akili na pia ni sababu. Sababu hueleza kwa nini jambo limetokea. Uwezo wa kuitafuta sababu hiyo ndio akili.

Ukifika kwa Locke, tumia milango ya fahamu, usiseme hisi pekee. Lugha yetu imekwisha kuchora picha: maarifa yanaingia ndani kwa macho, masikio, pua, ulimi na ngozi. Halafu wape jibu la Leibniz, mwanafalsafa Mjerumani aliyefuata urazini, kwamba hakuna kilichomo akilini ambacho hakikupitia kwanza kwenye hisi, isipokuwa akili yenyewe. Waulize akili hiyo iliingia kwa mlango upi, uwaache wabishane kwa Kiswahili hadi kengele ilie.