Siku moja Fredericksburg, Texas: nianzie wapi?

SWALI: Mwezi Julai nitakuwa San Antonio kikazi, na nimepata siku moja ya kwenda Fredericksburg, mji ulioanzishwa na wahamiaji wa Kijerumani. Nianzie wapi, na nitajuaje lipi ni jengo la kale kweli na lipi limejengwa kuvutia watalii?

JIBU: Kodisha gari, ni kama kilomita 110. Ondoka alfajiri, kwa sababu Julai joto la huko mara nyingi hufika nyuzi 35, na vitu vya kuona vinataka utembee kwa miguu.

Yapite maduka kwanza, uanzie Pioneer Museum, namba 325 West Main. (Angalia saa za kufungua kabla hujaondoka.) Humo mna nyumba ya familia ya Kammlah, ya mwaka 1849, miaka mitatu tu baada ya mji kuanzishwa chini ya John O. Meusebach, kiongozi wa wahamiaji hao. Hapo ndipo mahali pa kujifunza kuzisoma kuta. Walowezi walianza na magogo, wakaja kwenye fachwerk: fremu ya nguzo na mihimili, na mbao za mshazari za kuzuia ukuta usiyumbe, kisha nafasi zikajazwa mawe ya chokaa. Baadaye wakajenga kwa mawe matupu. Katika fachwerk halisi mbao ni nene, zimeingia ndani ya ukuta, na kwenye maungio utaona vigingi vya mti. Mbao nyembamba zilizopigiliwa juu ya plasta hazibebi chochote. Hayo ni mapambo.

Humo humo ingia nyumba ya Weber ya mwaka 1904, mfano mzuri wa "nyumba ya Jumapili". Wakulima waliokaa mbali mashambani walijenga vijumba hivi ili waje mjini Jumamosi kufanya biashara, walale, na kesho yake waende kanisani. Mitaani vimebaki vingi, lakini ni mali ya watu. Vitazame ukiwa barabarani.

Wengi hukosea kwenye Vereins Kirche, lile kanisa la pembe nane pale Marktplatz, yaani uwanja wa soko. Hilo ni nakala ya miaka ya 1930. La asili, la mwaka 1847, lilisimama katikati ya barabara kuu na likabomolewa miaka ya 1890. Ukitaka kanisa la kale lenyewe, shuka mtaa mmoja kusini: Marienkirche ya mwaka 1863 ipo kando ya ile iliyoifuata, ya mwaka 1908. Usiingie kupiga picha wakati wa misa.

Hutapotea. Kuanzia Adams kwenda mashariki, herufi za kwanza za mitaa inayokata barabara kuu zinaandika ALL WELCOME. Kuanzia Crockett kwenda magharibi, COME BACK.

Makumbusho ya vita vya Pasifiki (vya Vita Kuu ya Pili), yaliyopo hapo kwa kuwa Admeri Nimitz, kamanda wa jeshi la majini la Marekani katika vita hivyo, alizaliwa mjini humo mwaka 1885, yanakula nusu siku peke yake. Yaache, la sivyo nyumba hutaziona.