Vigan, Ufilipino: ukienda usiishie kwenye ile barabara ya mawe

Mkuu naona wengi waliokujibu wamekurushia picha za fukwe za Boracay na Palawan wakati wewe umesema wazi kabisa hutaki bahari, unamaliza mkutano wako Manila, una siku tatu mkononi na unataka mji wa mkoani wenye mafundi wa kazi za mikono, na umeuliza kama Vigan inastahili hayo masaa yote ya kukaa kwenye basi. Inastahili. Ila watu wengi wanaenda Vigan wanarudi hawajaiona, na mimi nusura niwe mmoja wao, kwa hiyo vumilia gazeti hili refu.

Kwanza nilifikaje huko. Nilifanya kazi hotelini Muscat miaka mitano, chumba nilikuwa nashea na dada mmoja wa Kifilipino anayetokea hukohuko Ilocos Sur, mkoa wenye huo mji wa Vigan, kwao dada mkubwa anaitwa Manang na mimi nikawa namwita hivyohivyo, mpaka leo jina lake nikilitaja naona kama namkosea adabu. Huyu dada alikuwa na shuka zito la mistari myeusi na myeupe ambalo halilaliwi na mtu mwingine, michoro yake miraba iliyojipindapinda, ukiikodolea macho wakati umechoka unaona inazunguka kabisa kama maji yanayoingia kwenye shimo. Nilikuwa namtania kwamba lile shuka lina jini. Alikuwa ananiambia njoo kwetu uone linavyotengenezwa, basi mkataba wangu ulivyoisha na yeye alikuwa likizo, nikaenda, Februari 2024, nikakaa siku nne.

Visa haikunisumbua, pasipoti ya Tanzania niliingia bila visa kwa siku 30, wanataka tiketi ya kurudi na unajaza fomu yao ya eTravel kwenye simu ndani ya masaa 72 kabla ya kutua. Wewe cheki tena kabla ya kukata tiketi maana haya mambo yanabadilika. Kutoka Manila ni kama kilomita 400 kwenda kaskazini, basi la usiku linachukua masaa nane mpaka kumi, na hiyo AC ya kwenye basi sijui wanasafirisha samaki, beba sweta na kitenge juu yake. Kama una hela ya ziada unaweza kuruka mpaka Laoag halafu ushuke na basi kama masaa mawili hivi kurudi kusini.

Sasa mji wenyewe. Wahispania walijenga kituo chao pale 1572, Juan de Salcedo, wakakiita Villa Fernandina, ila ukiangalia zile nyumba unaona Uhispania umechanganyika na Uchina, maana wenye hela pale walikuwa wafanyabiashara wa Kichina waliooa wenyeji. Chini matofali manene ya kuwekea mizigo na magari ya farasi, juu mbao ndo familia inakaa, na madirisha hayana kioo, yamepangwa vipande vya maganda ya chaza vilivyo bapa, mwanga unaingia kama umechujwa kwenye maziwa. UNESCO waliuandikisha 1999, mwaka mmoja kabla ya Mji Mkongwe wa Zanzibar na miwili kabla ya Lamu. Mtu wa pwani yetu akifika pale lazima aanze kulinganisha, mimi nilikuwa naona Lamu ila badala ya punda ni farasi.

Barabara inayopigwa picha na kila mtu ni Calle Crisologo, imetandikwa mawe, magari hayaruhusiwi, ni miguu na kalesa, yale magari ya farasi. Nilikodi moja kwa peso 200 kwa saa, kama elfu tisa za kwetu. Usiku taa zikiwaka ni pazuri siwezi kukataa, kwato zinalia kwenye mawe, watu wanapiga selfi, kila nyumba chini ni duka. Na hapo ndo penye mtego. Yale maduka yanauza kila kitu, vinyago, mikoba, fulana, ufunguo wa kufungulia soda wenye jina la mji, na vingi havijatengenezwa Vigan. Jioni ya kwanza kabla Manang hajaja kunichukua nikajitia mjuaji, nikanunua kitambaa cha kutandika mezani chenye ile michoro ya kuzunguka, muuzaji kaniapia kimefumwa kwa mkono na bibi yake, nikalipa bila hata kubishana bei. Kumbuka hicho kitambaa, kinarudi.

Asubuhi tukaenda kwa wafinyanzi. Hawako mbali, ni mwendo wa miguu kama robo saa kutoka kwenye hiyo barabara, eneo wanaliita Pagburnayan kwa sababu mitungi yenyewe inaitwa burnay. Hii kazi walikuja nayo Wachina zamani wenyeji wakaipokea. Nenda asubuhi, narudia, asubuhi, maana ndo utamkuta nyati. Sio mzaha, kuna shimo la udongo uliochanganywa na mchanga, na nyati wa kufugwa anazungushwa humo ndani anakanyaga, anazunguka polepole amenuna hivi, mpaka udongo unakuwa laini kama unga wa chapati uliokandwa vizuri. Udongo usipokandwa vizuri mtungi unaweza kupasukia kwenye moto, kwa hiyo kazi ya huyo mnyama usiidharau.

Fundi alikuwa mzee mwembamba, mikono imekakamaa mishipa tupu. Gurudumu lake ni zito, liko chini karibu sawa na sakafu, analisukuma kwa mguu, anabandika kamba nene ya udongo juu ya ukuta wa mtungi, halafu mkono mmoja ndani mmoja nje anauvuta juu, na unapanda kweli, kama kitu kinachoota mbele yako. Wageni wanaruhusiwa kujaribu. Wangu ulisimama kama sekunde kumi, ukalala ubavu kama mlevi.

Nikamwambia Manang amtafsirie mzee kwamba bibi yangu mzaa mama alikuwa mfinyanzi Usangi, Upareni, na hakuwa na gurudumu, chungu kinakaa pale pale na yeye ndo anakizunguka ameinama, anarudi kinyumenyume anazunguka tena, na sisi watoto tukipita karibu tunafukuzwa. Mzee akasimamisha mguu, akafikiri, akasema kitu, Manang akacheka. Kasema basi huyo bibi alikuwa na mgongo wa chuma.

Kilichonishangaza zaidi ni tanuri. Bibi alikuwa anachomea vyungu uwanjani, majani makavu na kuni juu, jioni moja imeisha. Kule tanuri ni kama handaki refu la matofali linalopanda mteremko, mitungi inaingizwa mamia kwa wakati mmoja, kuni zinasukumwa kupitia matundu ya pembeni, na moto unapanda kwenda juu wenyewe kama bomba la moshi lililolazwa. Joto lake ni kali kiasi kwamba udongo unakuwa mgumu kama jiwe, haunyonyi maji. Gonga mtungi wa burnay kwa kucha utasikia unalia kama chuma, gonga chungu cha kwetu kinatoa sauti nzito ya kusinzia. Sio kwamba chetu kibaya, chungu cha maji kinatakiwa kitoe jasho ndo maji yapoe. Wao wanataka mtungi usiopitisha kitu kwa sababu humo wanaweka siki, samaki wa kuchachua wanaowaita bagoong, na pombe yao ya miwa inayoitwa basi.

Hiyo basi Wapare wenzangu mtaielewa haraka, ni dengelua, ile pombe yetu ya miwa, iliyokwenda shule. Na ina historia nzito, 1807 serikali ya Wahispania iliwabana watu wasijitengenezee wenyewe, wakaasi, damu ikamwagika. Kuna michoro 14 ya ule uasi iliyochorwa na Esteban Villanueva mwaka 1821, iko makumbusho hapohapo Vigan. Mimi makumbusho huwa napita mbio ila hiyo nilisimama, humo wamechora nyota yenye mkia angani na watu wananyongwa.

Mchana tukapanda traisikoli, ni pikipiki yenye kibanda pembeni, tukaenda Camanggaan, kijiji kilicho ndani ya mipaka ya Vigan hiyohiyo, kwa shangazi yake Manang. Hapo sasa ndo kwenye nguo, wanaita abel au inabel. Tulipofika Manang akachukua mkono wa shangazi akaugusisha kwenye paji la uso wake, ndo shikamoo yao, na mimi nikafanya vilevile, mama akafurahi sana, akanishika shavu akaanza kuniongelesha Kiilokano, lugha ya kwao, kana kwamba naelewa.

Kitanda cha kufumia ni cha mbao, kikubwa kama kitanda cha kulala kweli, kimejaa kibanda chote. Nyuzi za mtande, zile za kwenda urefu, zimenyooshwa mamia kwa mamia, miguu peku inakanyaga kanyagio, kibeba-uzi cha mbao kinarushwa kutoka kulia kwenda kushoto, halafu ubao unavutwa kugongea mshindio, ule uzi wa kukatiza, ukae, tak, tak, tak. Ukikaa kimya unasikia na nyumba ya jirani tak tak. Ile michoro ya kuzunguka inaitwa binakol, wengine wanasema ni mawimbi, wengine wanasema ilikuwa ya kuwachanganya mashetani wasimsogelee aliyelala. Kumbe jini nililokuwa namtania Manang lilikuwa la upande wa pili, linafukuzwa! Na zamani za meli kubwa za Wahispania, vitambaa vya Ilocos ndo vilikuwa vinashonewa matanga, kwa hiyo usione shuka tu.

Nikatoa kile kitambaa changu cha jana kwa mbwembwe zote. Shangazi hakusema neno. Alikigeuza tu. Nyuma kilikuwa kimepauka, michoro inaonekana kwa mbali kama wino uliovuja kwenye daftari. Akachukua shuka lake akaligeuza, nyuma michoro ni ileile, ila pale palipokuwa peusi pamekuwa peupe. Changu kilikuwa kimepigwa chapa kiwandani. Manang alicheka mpaka akakaa chini na mimi sikuwa na pa kuficha uso.

Kwa hiyo ukinunua, geuza. Halafu angalia kingo, za mkono hazinyooki kama rula, na papasa upande wa nyuma utakutana na vifundo vidogo uzi ulipounganishwa. Usitegemee pamba ya kusokotwa nyumbani, nyuzi nyingi siku hizi ni za dukani na wao wenyewe hawafichi, ile kazi ya kupiga pamba kwa vijiti itoe mbegu sasa utaiona zaidi kwenye ngoma ya tamasha lao la Binatbatan mwezi wa tano. Shuka nililolipia pale lilikuwa peso 1,800, kama elfu themanini hivi, na sikuomba punguzo maana nilishaona miguu inayokanyaga. Manang mwenyewe hajui kufuma. Amelelewa chini ya kile kitanda, akaenda Muscat kutandika vitanda vya hoteli kwa mashuka ya kiwandani. Nilitaka kumuuliza kuhusu hilo nikaona niache.

Chakula: empanada zao za rangi ya chungwa, unga wa mchele, ndani papai bichi lililokwanguliwa, yai na soseji, zinakaangwa mbele yako pale Plaza Burgos unachovya kwenye siki. Waislamu muwe makini, soseji yao longganisa ni nguruwe, bagnet, nyama yao ya kukaanga, ni nguruwe, na hata ukisema wasikuwekee soseji mafuta ya kukaangia ni yaleyale. Kuna bilingani za kuchoma zinavurugwa na mayai, hizo na wali na samaki wa kuchoma utaishi vizuri tu. Nilinunua na chupa ya siki ikafunguka kwenye begi njiani kurudi Manila, nguo zangu zilinuka kachumbari wiki nzima.

Vitu vingine vya haraka: mnara wa kengele wa Bantay uko mji wa jirani tu, tetemeko la Julai 2022 liliujeruhi, na nyumba kadhaa za mjini pia nilizikuta na kiunzi cha matengenezo. Chemchemi ya kucheza na muziki Plaza Salcedo jioni, watoto wataipenda, mimi dakika tano zilinitosha. Nenda kati ya Novemba na Februari, mvua na vimbunga ni katikati ya mwaka. Na usishtuke ukisikia pera pera sokoni, hawauzi mapera, kwa Kifilipino pera ni hela. Meza wanaita mesa na bendera ni bandera, wao wamepata kwa Mhispania sisi kwa Mreno.

Kwa siku zako tatu, lala usiku mbili, asubuhi moja wape wafinyanzi, asubuhi ya pili wafumaji, hiyo barabara ya mawe iachie jioni ukiwa na miguu iliyochoka.

Mtungi mdogo niliununua pia, nikaubeba mkononi ndege zote mpaka Dar na nikaupeleka Same kwa mama. Akaugonga kwa kucha, akaweka sikio, akaugonga tena, akaniuliza wamechomea kuni za mti gani. Sikuuliza bana. Ukifika hebu niulizie.