Jibu: Programu ya nota inaganda ikipakia plagini za sauti

Pole sana ndugu. Umesema programu yako ya kuandikia nota za muziki inaganda palepale inapopakia plagini (programu ndogo za nyongeza zinazotoa sauti za ala), na umeshaifuta programu hiyo na kuiweka upya mara mbili. Hilo halisaidii, maana plagini hazikai ndani ya programu. Kwenye Windows, plagini nyingi ziko kwenye folda ya C:\Program Files\Common Files\VST3, na moja mbovu inatosha kukwamisha zote.

Kwanza bonyeza Alt+Tab. Huenda kuna kidirisha cha leseni kimejificha nyuma, kinasubiri ujibu. Kama hakipo, funga programu, hamishia nusu ya plagini folda nyingine, ufungue tena. Ikifunguka, mbovu imo kwenye nusu uliyoitoa, zirudishe mojamoja. Kwangu mbovu ilikuwa plagini ya zamani ya ogani. Nyimbo zako za kwaya haziguswi, usiogope.