Kuhusu zile picha za mashine

Mwanangu,

Marahaba. Sote wazima, baba yako bado anabishana na redio.

Umeniuliza kama zile picha za Liu Xiaodong, mchoraji wa Uchina, zilizochorwa kwa mashine ni kazi yake au ya mashine. Nimekuelewa: kamera imetegwa juu ya njia panda, inarusha picha za magari na wapita njia, kompyuta inazisoma, mkono wa mashine unagusa turubai usiku na mchana, kwa miezi. Akaziita Uzito wa Kukosa Usingizi, zikaonyeshwa Shanghai mwaka 2016.

Mimi nauliza jingine: nani alikaa? Nilikwambia tangu mdogo, kumchora mtu ni kukaa naye. Na bwana huyu anajua kukaa. Mwaka 2010 alirudi Jincheng, mji wa kiwanda cha karatasi alikozaliwa mwaka 1963 na kuondoka akiwa kijana wa miaka 17, akawachora rafiki zake wa utotoni, sasa watu wazima. Kabla ya hapo alikuwa Fengjie, kando ya mto Yangtze, akiwachora vibarua waliokuwa wakibomoa mji utakaofunikwa na maji ya bwawa. Mmoja wa vibarua hao alikufa kazini. Liu akafunga safari hadi kwa familia yake kuwapelekea picha za marehemu.

Kwenye kubomoa ndipo ninaposhikwa. Kibao cha duka la bibi yako kilichorwa na fundi aliyeshinda barazani kwetu, akala wali wetu, akabishana na bibi juu ya rangi ya kikombe mpaka alasiri. Ile X nyekundu ya kubomolewa, ukutani kwa bibi, je? Kijana hakupiga hodi, hakusalimu. Alipaka akiwa amesimama, akahamia nyumba ya pili kabla bibi hajajifunga khanga vizuri. Nyumba kubomolewa nimeshasamehe. Salamu, bado.

Basi nikasema moyoni, mashine ni yule kijana. Halafu nikajipinga: yule aliondoka upesi, mashine haikuondoka. Nani kati yetu amewahi kuitazama njia panda moja miezi mfululizo bila kusinzia? Gari linapita linaacha alama, jingine linapita juu yake, alama zinalundikana hadi humjui wa asubuhi wala wa usiku. Mji ndivyo unavyokula siku zake, na mchoraji wa kawaida angelazimika kuchagua saa moja tu.

Lakini kumchora mtu ni kukaa naye, na mle ndani simwoni hata mmoja wa kumpa shikamoo. Ila tena, aliyechagua njia panda ni nani? Aliitega kamera hata Jincheng, kwao. Hilo nalo si dogo.

Jibu ninalo, linaniwasha ulimi, lakini leo silisemi. Muulize baba yako, atakujibu kabla hujamaliza kuuliza.

Mama yako