Mbatata zimetoa majani matupu: kosa ni la tuta au la mbegu?

SWALI: Assalamu alaykum. Nyuma ya nyumba yangu hapa Wete nina kipande cha ardhi cha hatua kumi kwa sita, ambacho zamani kilikuwa na migomba. Mwaka jana nilifukia humo mbatata zilizochipua jikoni. Majani yalistawi mno, lakini nilipochimbua nilikuta vijibatata vya ukubwa wa gololi. Je, nibadilishe tuta au mbegu? Nasikia mbegu ya mbatata iitwayo Kikondo inasifiwa sana.

JIBU: Waalaykum salaam. Kosa si la tuta, wala kwa sehemu kubwa si la mbegu, bali ni la joto. Mbatata hutunga vizuri udongo unapokuwa na nyuzijoto 15 hadi 20 na usiku ukiwa wa baridi, ilhali kwetu Pemba ni nadra usiku kushuka chini ya nyuzi 20, kwa hiyo chakula kinachotengenezwa na majani huishia kuwa majani mengine. Kikondo inasifiwa, ni kweli, lakini na wakulima wa nyanda za juu za bara, na ndiyo maana hata mbatata za urojo wetu huvuka bahari. Nisingependa upoteze msimu mwingine.

Panda viazi vitamu. Kabode na Mataya zina nyama ya rangi ya chungwa, yenye kiini ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, jambo la maana kwa nyumba yenye watoto. Ejumula nayo ina rangi hiyo, lakini hushambuliwa kwa urahisi na virusi. Wanaolalamika kwamba viazi hivyo havina unga kama vyeupe hawakosei, nami kwa futari ya nazi bado naviona vyeupe kuwa bora. Basi gawa eneo: nusu marando (vipande vya mashina ya kupandia) ya viazi vya rangi ya chungwa kupitia kwa bwana shamba wa wilaya yako, na nusu mbegu nyeupe ya jirani ambayo umeshaiona ikizaa.

Kwanza ng'oa visiki vyote vya migomba, kisha lima hadi udongo utifuke. Inua matuta ya sentimita 30 hadi 40, yaachane kwa takriban mita moja, na ikiwa ardhi ni ya kinongo, yaani yenye rutuba, usiongeze samadi nyingi, kwa kuwa utarudia kisa cha majani. Mvua zikishaanza, kata marando ya sentimita 30 kutoka ncha za mimea yenye afya, si kutoka shinani ambako fukuzi, mdudu anayetoboa viazi, hutaga mayai, na ufukie theluthi mbili ya kila rando.

Tuta likipasuka viazi vinaponenepa, ziba nyufa kwa udongo siku hiyo hiyo, kwani hapo ndipo fukuzi hupitia. Kwa sababu hiyo hiyo, baada ya miezi minne au mitano chimbua vyote, hata kama umezoea kuviacha ardhini na kuchimba kidogo kidogo.